Mboga Iko Wapi?

Nilikulia Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ambamo nyama ililiwa siku ya Ijumaa na sikukuu, na siku nyingine tulikula kisamvu cha nazi, maharage au dagaa bila mtu kuona kwamba amekosa kitu. Mama alinunua nusu kilo ya mchanganyiko wa nyama na mifupa kwa watu wanane, akaichemsha mpaka mifupa ikatoa utamu wake wote, kisha akapakua kwa upawa huku akihesabu vipande, viwili kwa kila mtoto. Mchuzi tu ndio haukuhesabiwa.

Mume wangu ni mtu wa Moshi, na kwao mtori, ile supu nzito ya ndizi, usipokuwa na nyama hauitwi mtori. Wiki ya pili ya ndoa nilimwandalia ugali na kisamvu nilichokitwanga mwenyewe, naye akakitazama, akainua kichwa na kuniuliza kwa upole: “Mboga iko wapi, mke wangu?”

Nilidhani ni dharau. Baadaye sana nilielewa kwamba alisoma shule ya bweni miaka minne akila ugali na maharage karibu kila siku, maharage yenyewe yakiwa na wadudu, na kila alipofika nyumbani likizo mama yake alimpokea kwa nyama. Kwake maharage yalikuwa adhabu na nyama ilikuwa mapenzi. Ndiyo maana nawashauri wanandoa waulizane kwanza walilelewa wakila nini, kabla ya kubishana juu ya bajeti au afya.

Mimi sikuuliza. Nilisoma kwamba mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki, nikapunguza nyama kwa amri, naye akaanza kurudi jioni akiwa ameshiba mishikaki ya barabarani.

Kilichosaidia ni kubadili mapishi. Robo kilo ya nyama niliikatakata ndogo ndogo nikaipika ndani ya ndizi au maharage niliyoyaloweka usiku kucha na kuyaunga kwa nazi, na ndimu ikawa haikosekani mezani, kwa kuwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai, ambayo huzuia madini hayo yasifyonzwe, tuliacha kuinywa pamoja na chakula, tukaisogeza hadi baadaye. Siku za nyama tupu zikabaki mbili, tulizokubaliana wote.

Kwa watoto niliacha kutumia usemi mmoja tu: “Maliza mchicha nikupe nyama.” Mtoto anayeambiwa hivyo kila siku hujifunza kwamba mchicha ni kazi na nyama ndiyo mshahara wake.

Likizo iliyopita kitinda mimba wetu alikwenda Moshi, bibi yake akamuuliza apikiwe nini, akajibu maharage ya nazi. Usiku huohuo mama mkwe alinipigia simu, akazunguka weee, mwishowe akauliza kama mwanawe bado yuko kazini.