Kabla ya Betri, Nati: Kwa Mafundi Wapya wa Mota za Kati

Juma hili nimeletewa baiskeli ya umeme ya tatu mfululizo ambayo mota yake ya kati, ile inayofungwa penye ekseli ya pedali, inacheza kwenye fremu kama jino la mtoto, na kila aliyeileta alianza kwa kunieleza inavyokwenda kasi. Wadogo zangu, ninafurahi kuona mikono yenu ikiingia katika kazi hii, lakini subira inaniishia ninapoona makosa niliyoyafanya mimi yakirudiwa moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule. Basi nayaandika hapa, ili atakayeyarudia ayarudie akiwa ameambiwa.

1. Pima fremu kabla mteja hajalipia mota. Shingo ya BBS02, mota ya kati ya kampuni ya Bafang, ndiyo inayoingia kwenye kasha la ekseli ya pedali; ina kipenyo cha milimita 33.5, na toleo lake la kawaida limekusudiwa kasha lenye upana wa milimita 68 hadi 73. Kasha lisilo na hesi, yaani mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, litahitaji adapta. Fremu ya kaboni irudishe kwa mwenyewe, hata akikubembeleza.

2. Kwenye fremu zenye hesi za Kiingereza, kikombe cha kulia kinachoshika ekseli ya pedali kina hesi za kinyume, yaani kinafunguka kwa kuzungushwa upande inakokwenda mishale ya saa. Haya mnayajua, na bado mnayasahau spana ikishaingia mkononi. Nilimkuta kijana mmoja amechomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kulisimamia kwa miguu yote miwili, na kwa bidii yote ile alikuwa anakaza. Nilimkalisha, akanywa maji, kisha nikamgeuzia spana. Pedali ya kushoto nayo ni hivyohivyo.

3. Nati ya kufungia mota. Hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo, kwa sababu jambo hili lilinigharimu fremu nzima na imani ya mtu niliyemheshimu.

Mteja wangu alikuwa mwalimu aliyepanda kilima kirefu kila asubuhi kwenda kazini. Nilimfungia mota kwa nusu siku, nikiwa na haraka ya kufika kwenye betri na skrini, sehemu ambazo mteja huziona na kuzisifu. Sikuwa na spana maalumu ya ile nati yenye mapengo, kwa hiyo niliikaza kwa bisibisi na nyundo mpaka ikakataa kusogea, nikadhani kukataa huko ndiko kukaza. Kibaya zaidi, nilikuwa nimekwisha kaza hadi mwisho zile bolti mbili ndogo za bamba la kushikilia, kabla ya nati kubwa. Bamba likabaki limening'inia kwenye mota, na meno yake hayakuwahi kuuma uso wa kasha. Nati yangu ilikuwa imebana rangi ya fremu na hewa.

Mnajua mota inavyofanya kazi: inapousukuma mnyororo mbele, mwili wake wenyewe unasukumwa kinyume, ukipanda kuelekea bomba la chini la fremu. Ikiwa haikufungwa vizuri, itashuka barabara ikiwa na mashimo, kisha itapanda kwa kishindo mwendeshaji anapoongeza nguvu. Kishindo hicho kina sauti yake, tok moja fupi, kila unapoanza kuondoka. Mwalimu aliisikia katika juma la kwanza akaja kuniambia. Nilimjibu kwamba ni mnyororo mpya, utazoea. Alirudi baada ya siku kumi na neno lilelile, nami nikatia mafuta kwenye mnyororo, nikampa mkono, nikamuaga. Sikuinama hata mara moja kuishika mota na kuitikisa, jambo ambalo lisingechukua muda wa pumzi tatu.

Asubuhi moja, katikati ya kilima, mota ilizimika ghafla huku lori likiwa nyuma yake. Aliweza kuweka mguu chini na kusogea pembeni, na ninamshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Nilipoifungua baiskeli niliona waya wa skrini umesagwa kati ya mota na bomba la fremu hadi shaba ikaonekana, bomba lenyewe limebonyea, na uso wa kasha umechimbwa na meno ya bamba lililokuwa likizunguka badala ya kushika. Fremu ile haikufaa tena. Nilimnunulia nyingine kwa fedha zangu, lakini kilichoniuma ni kwamba aliniambia mara mbili, kwa adabu, na mimi nilikuwa na jibu tayari kabla hajamaliza sentensi.

Kwa hiyo: sogeza mota juu hadi iegemee bomba la fremu kwa kipande cha mpira, bila kubana waya wowote, weka bamba, meno yakitazama kasha, shikiza bolti ndogo bila kuzikaza, kaza nati kubwa kwa spana yake, kwa nguvu ya kukaza ya kati ya niutoni-mita 30 na 40, kisha bolti ndogo, mwisho nati ya pili ya kufungia. Chora mstari wa rangi unaovuka nati na bamba, ili nati ikilegea uone kwa macho.

4. Plagi zina mishale: ilinganishe, sukuma moja kwa moja, usizungushe kamwe. Skrini ikionyesha kosa 21, angalia kwanza umbali wa sumaku ya spoki na sensa ya mwendo kabla hujafungua kitu kingine.

5. Betri ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo hujaa kwa volti 54.6. Pima chanya na hasi kwa multimita kabla ya kuunganisha kila mara, maana waya mwekundu ni rangi tu, na kontrola, kifaa kinachoigawia mota umeme, ikiunganishwa kinyume huungua kabla hujaondoa mkono. Hakikisha pia kwamba betri inaweza kutoa ampea 25 ambazo kontrola ya BBS02 itazidai kwenye mlima.

6. Mfundishe mwenye baiskeli gia kabla hajaondoka kwako. Mota hii hupitishia nguvu zake kwenye mnyororo, kwa hiyo anayepanda mlima kwa sproketi ndogo ya meno 11 anaichemsha mota na kula meno ya chuma kwa pamoja. Ashushe gia mapema, miguu izunguke haraka, na apunguze nguvu anapobadilisha. Mwendeshe mbele ya karakana mpaka afanye hivyo bila kukumbushwa, kisha mpangie siku ya kurudi baada ya kilomita mia moja za mwanzo, uuangalie ule mstari wa rangi. Na akikuambia kuna sauti, inama kwanza.