Mtoto Mwenye Usonji Akisema Hataki Kuishi, Muulize Waziwazi

Mwanangu alikuwa na miaka 11 aliponiambia, kwa sauti ileile anayonisomea ratiba ya mabasi, kwamba angependa awe ameshakufa kabla shule hazijafunguliwa. Alikuwa akimenya chungwa. Kwa kuwa hakulia wala uso wake haukubadilika, nilimwambia asitamke maneno mabaya, nikaendelea kupika. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Ana usonji (autism), yaani ubongo wake hupokea sauti, maneno na hisia tofauti na wengi, na hofu yake ni kubwa kiasi kwamba kengele ya shule humfanya atapike. Shuleni walimsifu kwa utulivu, bila kujua kwamba alikuwa akijikaza kutwa nzima, na akifika nyumbani huingia chini ya meza akitetemeka. Mtaalamu wa kwanza tuliyemwendea alituambia kwamba watoto wa aina yake hawawazi kifo. Si kweli. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 66 ya watu wazima waliokuwa wamebainika kuwa na usonji wa aina ya Asperger walisema wamewahi kufikiria kujiua.

Mzazi mwenzangu, nakusihi utumie maneno yasiyo na mafumbo. Nilipomuuliza kama anajisikia vibaya, alisema hapana, kwa sababu hakuwa na homa. Nilipomuuliza kama moyo wake ni mzito, alinyamaza, kwani hakujua moyo hupimwaje. Nilipomuuliza, "Je, unafikiria kujiua?" alijibu ndiyo, akanieleza na siku mawazo hayo yalipoanza. Swali hilo halimpandikizii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Humpa ruhusa ya kusema alilolibeba peke yake.

Siku hiyohiyo tulifungia dawa zote za nyumbani na za shambani, hatukumwacha peke yake, tukamtafuta daktari wa akili anayewajua watoto wenye usonji. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo Kenya na Tanzania. Kwa sisi wa Kenya, wengi tulifichana kwa kuogopa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

Shule imekubali atoke darasani kabla ya kengele. Nyumbani ana kadi nyekundu, kwa siku ambazo maneno hayamtoki. Akiiweka kando ya sufuria, nazima jiko na kuketi naye sakafuni.