Lugha tatu kwa saa moja ya siku: namna ya kujisomea bila kuzichanganya

Anayeamua kujifundisha Kifaransa, Kiarabu na Kijapani kwa mpigo mara nyingi hakwamishwi na ugumu wa lugha hizo. Hukwamishwa na hesabu. Huzianza zote wiki moja, huzigawia muda sawa, na ukifika mwezi wa tatu bado yuko kwenye salamu na namba, kwa lugha tatu. Kwa hiyo hesabu kwanza.

Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kati ya saa 600 na 750 za darasani ili aweze kufanyia kazi Kihispania, Kifaransa au Kitaliano. Kirusi ni kama saa 1,100. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni kama 2,200. (Kiswahili wamekiweka hapo katikati, kama saa 900, atakayekuambia lugha yetu ni ya wiki mbili ufukweni umwoneshe hiyo.) Saa hizo ni za mtu mwenye mwalimu, na kazi za nyumbani hazijahesabiwa.

Sasa chukua saa moja kwa siku, bila kukosa hata Jumapili. Lugha ya saa 600 itakuchukua miezi 20 hivi. Igawe saa hiyo kwa lugha tatu, dakika 20 kila moja, na lugha ileile inakuwa ya miaka mitano. Na hapo tumejidanganya kidogo, maana kwa anayeanza, dakika 20 si theluthi ya saa. Sehemu kubwa yake huishia kukumbuka yaliyosomwa jana, kwa kuwa usahaulifu una kasi kubwa zaidi saa chache baada ya somo, jambo ambalo Hermann Ebbinghaus alilipima tangu 1885.

Ndiyo maana ushauri wetu ni mmoja: lugha zisilingane. Moja iongoze, ya pili ifuate kwa mbali, ya tatu itunzwe tu isife. Anayeziendesha zote kwa mwendo mmoja huwa haendi.

Ya pili ianze lini

Miezi mitatu ya kwanza, shika lugha moja tu. Baada ya hapo usitazame kalenda, jipime. Jirekodi kwenye simu ukieleza siku yako kwa dakika tatu: ulichofanya, unachofanya sasa, utakachofanya kesho. Usifungue kamusi, na usirukie lugha nyingine unapokwama. Ukiweza kufika mwisho, hata kwa makosa, unakaribia B1 kwa vipimo vya Ulaya (ngazi zake ni A1 na A2 za mwanzo, B1 na B2 za kati, C1 na C2 za juu), na lugha hiyo sasa inaweza kusimama bila kushikwa mkono. Ukiishia sekunde ya arobaini, lugha ya pili isubiri.

B1 ina umuhimu wake. Lugha iliyoachwa ikiwa A2 hupotea upesi, kwa sababu bado ni orodha ya maneno na kanuni za kukariri. Iliyofika B2 huvumilia miezi mingi ya kupuuzwa, kisha hurudi kwa wiki chache za kusoma na kusikiliza. Kwa hiyo ukitaka kupumzisha lugha, usiipumzishe ikiwa A2. Isukume kwanza, au kubali kwamba umeiacha.

Kuhusu zipi zipangwe pamoja, kosa kubwa ni kuanza lugha mbili za ukoo mmoja kwa wakati mmoja. Kihispania na Kireno kwa pamoja, zote zikiwa A1, ni kujitafutia mchanganyiko utakaokusumbua kwa miaka. Mas ya Kireno ni "lakini"; más ya Kihispania ni "zaidi". Polvo kwa Kihispania ni vumbi, kwa Kireno ni pweza. Salir ya Kihispania ni kutoka, salire ya Kitaliano ni kupanda. Ukiwa na Kihispania cha B2 tofauti hizi huwa nyepesi, tena zinachekesha, kwa kuwa upande mmoja umeshakaa imara. Ukiwa huna upande wowote ulio imara, hujui hata kwamba umekosea.

Lugha zilizo mbali, kama Kifaransa na Kikorea, zinaweza kwenda pamoja mapema zaidi. Tahadhari iko kwenye maandishi: usianze mifumo miwili mipya ndani ya mwezi mmoja. Kikorea kina herufi 24 za msingi na huzoeleka kwa siku chache. Kiarabu kina 28, lakini nyingi hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo ndani ya neno. Kijapani kina alama za silabi za aina mbili, hiragana 46 na katakana 46, kabla hujagusa kanji (alama zilizotoka Kichina) hata moja. Kirusi chenye herufi 33 huonekana rahisi, nacho kina mtego wa pekee: В inasomwa v, Н inasomwa n, Р inasomwa r, С inasomwa s. Macho hudhani yanazijua. Kila maandishi mapya yape wiki tatu za kuandika kwa mkono, dakika kumi kwa siku, ndipo ufungue mengine.

Kichina na Kijapani huwadanganya wengi kwamba ukijua alama za kimoja umepata nusu ya kingine. Maana nyingi hufanana kweli, lakini usomaji ni tofauti kabisa, na maana nyingine hugeuka. Alama ya mkono ikifuatwa na ya karatasi ni barua kwa Wajapani. Kwa Wachina ni karatasi ya chooni.

Na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunapoingia kwenye Kiarabu tuna nafuu iliyochanganyika na hatari. Sauti za th, dh na gh tunazo tayari. Maneno mamia yanafahamika. Lakini sauti za ع (ain) na ح (ha ya kooni) hatuna, na ukiyatamka maneno hayo kwa mazoea ya Kiswahili utaonekana umejua kumbe hujaeleweka. Neno lenye sura ya "mahali", kwa mfano, katika mazungumzo ya leo ya Kiarabu mara nyingi ni duka. Maneno ya kukopa yahesabu kama maneno mapya, yatengenezee kadi za marudio (swali mbele, jibu nyuma) kama mengine.

Saa moja inavyogawanyika

Tuseme Kifaransa kinaongoza, Kiarabu kinafuata, Kihispania chako cha B2 kinatunzwa.

Dakika 15 za kwanza ni za kadi za marudio, lugha zote. Dakika 30 zinazofuata ni za Kifaransa: tatu za kusoma kwa sauti andiko la jana, kumi na mbili za somo jipya, kumi za kufuata sauti, tano za kuandika sentensi tano zenye ulichojifunza bila kuchungulia. Hizo tano za mwisho ndizo watu huziruka, na ndizo zinazoonesha kama somo limeingia. Kisha simama, kunywa maji, zunguka chumba kwa dakika mbili tatu, halafu dakika 15 za Kiarabu. Kihispania, ukiacha kadi zake, hakimo ndani ya saa hii. Kinapata dakika 20 za kusikiliza au kusoma mara tatu kwa wiki, wakati wa kutembea au kuosha vyombo.

Kufuata sauti kuna utaratibu wake. Chagua rekodi ya dakika moja na nusu ambayo una maandishi yake. Isikilize mara moja bila kusoma. Ya pili ukisoma. Ya tatu na ya nne tamka pamoja na msemaji, ukiwa nyuma yake kwa neno moja, bila kusimamisha rekodi. Ya tano jirekodi, ujisikilize ukilinganisha. Usichukue rekodi ya dakika kumi ukidhani utafaidi zaidi. Ukifika katikati utakuwa unanung'unika tu. Ukijifunza Kichina, zoezi hili ndilo lote la mwezi wa kwanza, toni zake nne (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno) zikiwa mbele ya msamiati, kwa sababu toni iliyokaririwa vibaya ni kazi kubwa kuing'oa. Ndiyo maana Kichina hakifai kuwa lugha ya pili yenye dakika 15. Kikiingia, kiongoze.

Kadi ndizo zinazozamisha watu

Hapa ndipo tunapoona watu wengi wakikata tamaa, nao hulaumu kumbukumbu yao. Anki, programu ya kadi za marudio, usipogusa mipangilio, hukuletea kadi mpya 20 kwa siku kwa kila fungu. Mafungu matatu ni kadi mpya 60. Kila kadi mpya unayoongeza kwa siku huzaa marudio kati ya saba na kumi ya kila siku, mambo yakishatulia. Sitini zinakuwa marudio 400 hadi 600. Kwa sekunde nane kila moja, hiyo ni karibu saa nzima au zaidi, na bado hujasoma hata ukurasa mmoja.

Weka hivi: lugha inayoongoza kadi mpya 10, inayofuata 3, inayotunzwa sifuri. Utapata marudio kama 90 hadi 130 kwa siku, na hayo yanakaa ndani ya dakika 12 hadi 18. Yakivuka dakika 25 siku tatu mfululizo, simamisha kadi mpya, usisimamishe marudio. Watu hufanya kinyume, kwa kuwa kadi mpya ndizo tamu.

Kila lugha iwe na fungu lake na rangi yake ya kadi, na maliza fungu moja kabla ya kufungua lingine. Mbele ya kadi weka sentensi fupi, usiweke neno kavu. Kadi yenye neno burro peke yake ni bomu kwa mtu mwenye Kihispania na Kitaliano: kwa Kihispania ni punda, kwa Kitaliano ni siagi, na kadi haikwambii uko wapi. Andika pane e burro, chora mstari chini ya neno la pili, na nyuma weka "mkate na siagi". Sekunde mbili zaidi za kusoma, utata umekwisha.

Ukiugua au ukisafiri ukakuta kadi 900 zinakusubiri, usifute fungu wala usijifungie chumbani Jumamosi nzima. Weka kikomo cha marudio 100 kwa siku, kadi mpya sifuri, uanze na lugha inayoongoza. Baada ya wiki chache mlima umeisha. Kadi uliyoikosa mara nane ifute kabisa. Kama neno hilo lina maana utakutana nalo tena ukisoma.

Neno la lugha nyingine likiponyoka

Litaponyoka. Unaongea Kiarabu, mdomo unatoa Kifaransa. Ajabu ni kwamba mara nyingi Kiswahili hakiingilii. Anayeingilia ni mgeni mwenzake, yaani lugha nyingine ya kigeni, na yanayotangulia kuvuka ni maneno madogo: lakini, kwa sababu, sasa, pia, labda, hata hivyo. Majina ya vitu huvuka mara chache zaidi.

Dawa yake ni ya moja kwa moja. Andika maneno madogo 30 ya namna hiyo kwa kila lugha, kila moja ndani ya sentensi, uyasome kwa sauti kwa dakika mbili kabla ya kuanza kipindi cha lugha hiyo. Fanya hivyo kila kipindi kwa miezi miwili. Kubadilisha mahali pa kukaa nako husaidia, hasa mwanzoni. Wapo wanaobadilisha hata sauti, wakishusha au kupandisha, na wasione haya.

Zoezi la kurukaruka kati ya lugha, yaani kutafsiri kwa mdomo kutoka Kifaransa kwenda Kiarabu, lisubiri zote mbili zifike B1. Kabla ya hapo linafundisha kuchanganya. Baada ya B2 unaweza hata kujifunza lugha mpya kwa kitabu kilichoandikwa kwa ile ya zamani, Kireno kwa kitabu cha Kihispania mathalani, na hapo unatunza moja ukijenga nyingine. Kwa lugha iliyo chini ya B2 mbinu hii ni mateso matupu. Utatumia muda mwingi kuelewa maelezo kuliko kuelewa somo.

Ukiwa na mtihani mbele yako, badilisha mgawanyo wiki nane kabla. Lugha nyingine zibaki na marudio ya kadi tu, na saa yote iliyobaki iende kwenye ya mtihani. Angalia pia mtihani unapima nini. DELF ya Kifaransa ina sehemu ya kuzungumza. JLPT ya Kijapani haina kuzungumza wala kuandika insha. Unaweza kufaulu JLPT ukiwa huwezi kuagiza chai, kwa hiyo usiache kufuata sauti eti kwa kuwa hakuna maksi zake. Mtihani ukipita, lugha zilizokaa pembeni usizirudishe siku moja. Anza na inayofuata, wiki moja baadaye inayotunzwa, na kadi mpya zisubiri mpaka marudio yote yamalizike siku saba mfululizo.