Barua kwa mwanangu kuhusu ile kazi ya kampuni changa

Mwanangu,

Umeniuliza kama uache kliniki ya hospitali ukawe mshauri wa jenetiki katika kampuni changa ya vipimo vya vinasaba. Unaogopa watu watasema umewakimbia wagonjwa ukafuata pesa. Waache waseme. Kampuni zile zinahitaji mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa: wa kutafsiri mabadiliko ya jeni, wa kuandika ripoti ambayo daktari yeyote ataielewa, wa kuwapokea madaktari wanaopiga simu kuuliza wapime nini, na wa kuwaambia watengeneza programu kwamba neno fulani kwenye skrini litamnyima mtu usingizi.

Linaloniumiza kichwa ni jingine. Wao wanauza kipimo, nawe kazi yako ni kumsaidia mtu aamue kama anakihitaji. Utaweza kumwambia "hiki hakikufai" na bosi asinune? Kwenye usaili waulize kama bonasi yako itafuata idadi ya vipimo vinavyouzwa, na kama utakuwa chini ya idara ya tiba au ya mauzo. Uliza pia kuhusu badiliko la jeni ambalo sayansi bado haijajua kama lina madhara: ripoti yao inalielezaje, na maana yake ikija kujulikana, nani atamtafuta mgonjwa? Wakianza kuzungukazunguka hapo, umeshajibiwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mimi nimezeekea kwenye uhasibu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jeni za asili haziwezi kumilikiwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake. Kesi ilihusu BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na ambazo kampuni moja, Myriad, ilikuwa imezikatia hataza. Maabara nyingine zikaingia sokoni, ushindani ukapamba moto. Mgonjwa alinufaika, lakini biashara yenyewe haina huruma. Invitae, iliyojulikana kwa vipimo vya bei nafuu, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Februari 2024, na Labcorp, kampuni kubwa ya maabara, ikanunua mali zake. Machi 2025 ikawa zamu ya 23andMe, iliyokuwa ikiwauzia watu vipimo vya vinasaba vya kujipima kwa mate nyumbani, na wateja wakabaki wanauliza taarifa za vinasaba vyao zitaangukia mikononi mwa nani.

Kwa hiyo uliza bila haya: fedha zilizopo zitawafikisha miezi mingapi? Anayelipia kipimo ni bima, mgonjwa kutoka mfukoni, au kampuni ya dawa inayotaka data? Hisa watakazokuahidi zihesabu kuwa sifuri. Kama mshahara peke yake hautoshi, usiende. Ukitosha, na wakakujibu vizuri yale ya mwanzo, mimi ningekwenda. Ila omba ubaki na siku moja ya kliniki kila wiki, na cheti chako cha taaluma usikiache kiishe muda.

Mkataba nitumie kabla hujatia saini, hasa kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa washindani wao. Baba yako anasema nenda tu. Lakini yeye hajausoma.

Mama yako