Usiishie kwenye kioo tu

Dada, umeuliza kama madirisha yako ya alminiamu yako salama kwa kuwa upepo wa juzi haukupasua kioo. Hapana, usiishie hapo. Sukuma kila moja taratibu. Likikwama, ama fremu imepinda au reli imejaa mchanga. Chini ya reli upande wa nje kuna vitundu vya kutolea maji, vikiziba mvua inahamia sebuleni. Baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, nilivizibua vyangu kwa waya wa hanga, likatoka tope na mende mkavu! Pitisha kidole kwenye silikoni ya nje, ile gundi inayoziba mwanya kati ya fremu na ukuta, ikibanduka mwite fundi. Ukiona ufa pembeni mwa kioo usiubonyeze, bandika selotepu, watoto wakae mbali.