Re: Ndege wa kisiwani wanahesabiwaje wakati wanaruka?

Mkuu swali lako la watafiti wanajuaje hawajamhesabu ndege yuleyule mara mbili ni la msingi kabisa, mi mwenyewe juzi nimesimama hapa Mwanza najaribu kuhesabu wale ndege weusi wanaoanika mabawa kwenye Jiwe la Bismarck, raundi ya kwanza 41 ya pili 36, nikaacha nikanywe chai.

Siri ni pete. Cheki kandege kamoja ka Ushelisheli kanaitwa Seychelles warbler, kisiwa cha Cousin, hekta hazifiki 30 (kadogo sana hako), mwaka 1968 walibaki hawazidi 30 dunia nzima maana msitu ulifyekwa ikapandwa minazi. Kila ndege anavishwa pete za rangi miguuni, mpangilio wake peke yake, kama namba ya bodaboda vile, so mtu na darubini anasoma tu huyu fulani yupo, huyu msimu huu hayupo. Na kuhusu kuruka, hawa karibu hawavuki bahari kabisa, kwa hiyo asiyeonekana tena wanamhesabu kafa.

Minazi ikapunguzwa, msitu ukarudi, wakafika 300 na kitu halafu wakagota hapo, nafasi imejaa, vijana wanabaki kwa wazazi wanasaidia kulea wadogo zao (kama hapa kwetu tu 😂). Ndo 1988 watafiti wakahamisha ndege 29 kwenda kisiwa cha Aride, hukohuko Ushelisheli, wakazaana balaa.