Mnaoanza koz za media, jifunzeni mafaili kabla ya programu

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza koz za media ya kidijitali, iwe diploma au digrii, swali lenu kila mwaka ni lile lile, "kaka tuanze na programu gani?" Alafu hata hujajibu mtu ashadanlodi Premiere (ya kuediti video) ya kukraki, yaani ya wizi isiyolipiwa, na Photoshop (ya picha) ya kukraki na makorokoro mengine kibao, mashine inahema tu. Mimi niko mwaka wa mwisho sasa, na nikiwaangalia wenzangu waliokula sapu, yaani waliofeli wakarudia mtihani, kwenye masomo ya praktiko, wengi wao kuediti walikuwa wanajua vizuri tu, wapo wanaopiga kazi za harusi mtaani na wanalipwa. Walichokwama ni vitu vya chini kabisa ambavyo kila mtu anajifanya anavijua: faili liko wapi, ni la aina gani, lina ukubwa gani, na likienda kwenye kompyuta ya mtu mwingine litafunguka au halifunguki. Ntaongelea hayo. Urembo wa kuediti mtaukuta YouTube bure.

Naanza na linaloangusha watu wengi kuliko yote. Ile projekti unayoisevu kwenye Premiere, faili lake linaishia na .prproj, haina video ndani. Haina kabisa. Kilichomo ni maelekezo tu, kwamba chukua klipu fulani iliyoko folda fulani, kata kuanzia sekunde hii mpaka hii, weka mziki ule pale, basi. Ndo maana umekesha na video ya dakika kumi lakini faili lenyewe ni dogo kuliko hata klipu yako moja. Sasa mtu anakopi hicho kifaili kwenye flashi, anaenda nacho maabara, mwalimu anafungua, skrini nzima nyekundu imeandikwa Media Offline. Darasani kwetu kuna jamaa alisimama mbele ya watu anaapa video ilikuwepo jana usiku, na kweli ilikuwepo, ipo kwenye mashine yake huko gheto Sinza, na presentesheni ni sasa hivi. Mwalimu afanyeje hapo?

Dawa yake ni ya kizamani tu. Kila kazi iwe na folda mama moja, ndani yake folda ndogo za video, sauti, picha, projekti na zilizokamilika, na kila kitu kiingie humo KABLA hujakivutia kwenye programu. Hii tabia ya kuburuta klipu moja kwa moja kutoka memori kadi ya kamera, au kutoka kule WhatsApp inakotupia vitu vyake, achaneni nayo, ukichomoa kadi tu kazi imekwisha. Kukabidhi kazi unakopi folda mama nzima. Kama ulishatawanya vitu, Premiere ina Project Manager kwenye menyu ya File, inakukusanyia klipu zote sehemu moja. Na majina jamani, acheni "final", "final mpya", "final ya ukweli", andika mwaka kwanza, alafu mwezi, alafu tarehe, mafaili yatajipanga yenyewe.

La pili ni ukubwa, na hapa kuna hesabu kidogo lakini ya darasa la saba tu. Biti 8 zinafanya baiti 1. Kasi ya intaneti na uzito wa video kwa kila sekunde hupimwa kwa biti, nafasi kwenye flashi hupimwa kwa baiti, ndo hapo watu wanapopotea. Kamera ikikwambia inarekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata MB (megabaiti) 6.25 kila sekunde, zidisha kwa 60 ni MB 375 kila dakika, kwa saa nzima GB 22 na nusu. Yaani kadi ya GB 32 hata saa moja na nusu haikufikishi, na wewe umetumwa kushuti mahafali ya masaa manne. Piga hiyo hesabu kabla hujatoka nyumbani, sio pale ukumbini mgeni rasmi ashasimama.

Tukiwa bado kwenye GB, flashi ya GB 32 ukichomeka kwenye Windows inasoma 29.8 hivi, usirudi kugombana na muuzaji, hajakuibia. Kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Ila wezi wenyewe wapo, zile flashi za "TB 2" zinazouzwa bei ya chipsi mayai, chipu ndani inaweza kuwa ya GB 8 tu ila imechezewa idanganye. Inapokea mafaili yako vizuri, majina unayaona, siku ya kufungua hakuna kitu. Kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kinaijaza flashi yote alafu kinaisoma kuhakiki, kinachukua muda ila hakidanganyi.

Alafu utakutana na hili: flashi ina nafasi GB 25, video yako ni GB 6, inakataa kuingia inakwambia faili ni kubwa mno. Watu wanadhani flashi mbovu wananunua nyingine. Tatizo ni kwamba imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kubwa vipi. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT, Windows na Mac zote zinaisoma.

Na virusi vya shotikati mtaviona tu, hasa mkishaanza kuprinti kwenye steshenari za karibu na chuo ambako flashi za kila mtu zinapita kwenye kompyuta moja. Unachomeka, folda zako zote zimegeuka shotikati. Usifomati kwa hasira! Mara nyingi kirusi hakijafuta kitu, kimeyaficha tu mafaili. Usibonyeze hizo shotikati, skani na antivirusi kwanza, alafu fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha Windows cha kuandikia amri) na uandike attrib -h -r -s /s /d G:\*.* (hiyo G badili iwe herufi ya flashi yako), bonyeza enter usubiri, vitu vyako vitatokea. Hii amri ishanipa heshima hosteli kuliko GPA yangu.

Picha sasa. Mtu anaomba umtengenezee bango la kipaimara, picha anakutumia WhatsApp kawaida, kwenye simu inang'aa, ikiprintiwa sura imekuwa ukungu. Sababu ni kwamba WhatsApp inaibana picha ili isile bando, inapunguza pikseli, vile vidoti vinavyounda picha. Kuprinti A4 kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi unahitaji 2480 kwa 3508, nenda kwenye propatisi za hiyo picha uangalie inazo ngapi, utashangaa. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, inasaidia kiasi, ila ukitaka picha ilivyo mwambie mtu aitume kama dokumenti. Na picha ikishabanwa imebanwa, usijidanganye utairudisha kwa kuivuta kwenye Photoshop. Logo omba PNG (inaweza kuwa haina rangi nyuma) au bora zaidi ile ya vekta, inayokuzwa bila kuharibika, ukipewa JPG ya logo jiandae kukaa na kiboksi cheupe nyuma yake.

Kuna kitu kimoja cha video ambacho nilikisikia kwa fundi wa kamera kabla sijakisikia darasani, nacho ni umeme. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, wa Marekani ni 60, na mafunzo mengi mnayoyaangalia YouTube ni ya Wamarekani, wanakwambia weka fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) na shata 1/60 (kila picha ipigwe kwa sehemu ya 60 ya sekunde). Ukifuata hivyo kwenye ukumbi wa hapa wenye taa za tyubu au LED za bei poa, unapata mistari inapanda na kushuka kwenye picha, na kwenye kuediti haitoki kirahisi. Hapa kwetu weka fremu 25 na shata 1/50, kwenye baadhi ya kamera lazima kwanza ubadilishe NTSC (mfumo wa video wa Marekani) kwenda PAL (wa nchi za hezi 50) kwenye menyu ndo 25 itokee. Ukielewa KWA NINI ni 50, hata ukipewa kamera ambayo hujawahi kuishika unajua unatafuta nini kwenye menyu.

Sauti sisemi sana, mikrofoni iwe karibu na mdomo, basi. Simu ya kawaida mfukoni mwa shati la msemaji inarekodi vizuri kuliko kamera ya mamilioni iliyoko mita tano.

Kuhusu programu zenyewe, za kukraki zinakuja na wageni wao, na nyingi zinakutaka uzime antivirusi kwanza, sasa mlinzi ushamtoa getini mwenyewe utamlaumu nani. DaVinci Resolve ina toleo la bure, haiweki chapa kwenye video, inatoa mpaka 4K. Sauti kuna Audacity, picha GIMP, zote bure. Shida ya Resolve ni kwamba inapenda mashine yenye misuli.

Ndo tunafika kwenye swali la mashine, maana bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka wote mnakimbilia kamera. Kamera chuo kinazo na mtaazimana. Nunua mashine, hata yuzdi, ila muulize muuzaji RAM (memori ya kufanyia kazi) ni ngapi na inaongezeka mpaka ngapi, kuna zilizogandishiwa RAM kwenye bodi haziongezeki kamwe. Za kuediti lenga GB 16, na diski iwe SSD, ile ya kisasa yenye kasi, kama ina HDD ya zamani ya kuzunguka badilisha hiyo kwanza kabla ya chochote. Usiangalie stika ya i7 (jina la prosesa, ubongo wa kompyuta) peke yake, i7 ya miaka kumi iliyopita inapitwa na i5 ya juzi. Hela ikibaki chukua diski ya nje ya kubakapu na hedifoni za waya, spika ya laptop inakuficha makelele ambayo mwalimu atayasikia yote kwenye spika za maabara.